Kilomita Sifuri

Ambindwile alichomeka njiti ya kiberiti kwenye tairi la nyuma. Ikaanguka. Hapakuwa na mfereji wa kuishika. Tairi lilikuwa kipara, na ubavuni nyuzi zilishaanza kuchungulia. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imefika siku ya tisa, na yeye ndiye dereva wa gari la wagonjwa, gari pekee la kituo cha afya.

"Bosi, hizi zitaua mtu," alimwambia Hezron, afisa usafirishaji aliyekuja kukagua.

Hezron hakuinama kutazama. Alifungua kitabu cha safari. "Mzee wangu, tairi hubadilishwa likifikisha kilomita elfu arobaini. Hizi zimetembea elfu kumi na mbili."

"Mita ya kilomita ilikufa mwaka juzi. Niliandika barua."

"Barua iko kwenye mchakato. Mimi nasoma kitabu, na kitabu umekijaza wewe."

Kweli alikijaza yeye. Kila safari alinakili namba ileile iliyoganda kwenye dashibodi, kwa sababu alifundishwa kuandika anachokiona. Uaminifu wake ndio uliomponza, na hilo lilimchosha kuliko mvua.

Saa nane mchana muuguzi Doreen alikuja mbio. Kule Masoko mama mmoja, Bupe, yuko kwenye uchungu na mtoto ametanguliza mkono. Anahitaji upasuaji.

"Gari likigoma mlimani je?" Ambindwile aliuliza.

"Sasa baba, tumwache?"

Walikwenda, wakampakia. Wakati wa kurudi gari lilipanda mlima nusu, magurudumu yakazunguka bure kwenye tope, likarudi nyuma polepole mpaka mtaroni. Wanaume walitoka mashambani na majembe, wakatandika majani ya migomba chini ya tairi, wakasukuma saa nzima. Bupe alimwita mama yake, akamwita tena, kisha akanyamaza.

Doreen alifungua mlango wa nyuma. "Acheni kusukuma," alisema. "Wamekwenda wote wawili."

Kesho yake Hezron alirudi kumalizia ukaguzi, akamsogezea kitabu. "Jaza safari ya jana, mzee."

Ambindwile alichukua kalamu. Akaandika. Mita wakati wa kutoka: 87,412. Mita wakati wa kurudi: 87,412. Umbali: 0. Wagonjwa: 2.

Hezron alipitisha kidole kwenye mstari, akagonga muhuri.

"Safi," alisema. "Basi tairi bado zina kilomita elfu ishirini na nane."