Chaza Hafungwi Mtupu

Kwa miezi ishirini na miwili Wakonyo alingoja neno moja: mavuno.

Mumewe, Ngatia, aliondoka Giakanja akiwa fundi wa kupandikiza miche ya avokado, mtu ambaye kisu hakikutetemeka mkononi mwake. Mkono huo ndio uliompatia kazi ya lulu nyeusi katika visiwa vya mbali vya Pasifiki. Huko alimfungua chaza kidogo tu, akapenyeza ushanga na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha akamrudisha majini aning'inie kwenye kamba, aufunike ule ushanga polepole, tabaka juu ya tabaka, hadi uwe lulu.

"Ni kama avokado tu," alimwambia mkewe kwa simu, "ila shamba liko chini ya maji, na wezi wake ni samaki."

Wakonyo alielewa. Alikuwa amelima kahawa tangu usichana. Alijua mtu akishavuna hurudi nyumbani. Kwa hiyo Ngatia aliposema mavuno ni wiki hii, hakuuliza zaidi. Aliwaalika wanawake wa chama waje Jumamosi na sufuria zao kumpokea. Waithira, jirani yake, alipoleta njahi za kupika alimcheka pale mlangoni.

"Umefua hata pazia, sakafu nayo inang'aa! Huyo mwanamume atakanyaga wapi asiteleze?"

"Enda huko, wewe."

"Naenda. Jumapili hatukutarajii kanisani mapema."

Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, simu ililia. Kwa Ngatia ilikuwa bado Jumatano jioni.

"Mama Shiro, zimetoka! Kuna moja ina kijani kama shingo ya bata dume."

"Mungu ashukuriwe. Sasa unapanda ndege lini?"

Nyuma ya Ngatia maji yalisikika yakigonga mbao.

"Niko na jambo. Chaza akitoa lulu nzuri, hafungwi mtupu. Hapo hapo anawekwa ushanga mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Na aliyeweka wa kwanza ndiye anajua vizuri mahali pake. Wameniomba nibaki."

"Mpaka lini?"

"Mwaka na nusu. Lakini nilitaka tuulizane kwanza."

Wakonyo aliketi. Hakuwa mwepesi wa hasira. Alipenda kulizungusha jambo kwanza, kama mtu anayechagua mbegu.

"Ukikataa, hao chaza watafanywa nini?"

"Wataliwa."

"Mavuno yalianza siku gani?"

"Jumatatu."

"Na wale wa Jumatatu, Baba Shiro, walirudi majini watupu?"

Yale maji yaligonga mbao, yakagonga tena.

"Niliona watakufa bure," Ngatia alisema mwishowe. "Mkono ulienda wenyewe."

"Umeshawawekea wangapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Basi tumeshaulizana," Wakonyo alisema. "Kula vizuri huko."

Alikata simu. Kisha akajitanda leso, akatoka. Waithira alikuwa uani kwake akichanganya chakula cha ng'ombe. Alipomwona akaiweka ndoo chini.

"Mbona uso hivyo? Kuna msiba?"

"Hakuna. Mavuno yamekuwa mazuri sana." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Waambie wenzetu Jumamosi wasije."