Uji wa Bibi Harusi

Wifi yangu Fatu hana siri. Jambo akilijua asubuhi, adhuhuri limefika Malindi. Ndiyo maana mpaka leo sielewi aliwezaje kunificha habari ya ule uji, halafu akaitoa siku ile ile, mwanangu yuko juu mlimani akisubiri zamu yake.

Mwanangu ni Rufaida. Mjomba wake, mpishi wa hoteli moja ya milimani huko Italia, alimchukua mdogo akasome, na huko akajifunza kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Akateleza mpaka akachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya baridi. Hapa Mambrui watu walisema wee. Ati mtoto wa Kiislamu, nguo ya kubana, mbele ya ulimwengu mzima. Waliosema zaidi ndio hao hao waliojaa sebuleni kwangu siku ile, wakinywa chai yangu mbele ya televisheni.

Kamera ikamwonyesha Rufaida amevua kofia yake ngumu, anacheka.

"Tazama mashavu yale," Fatu akaninong'oneza. "Si yamejaa?"

"Baridi tu hiyo."

"Baridi gani? Uji wangu huo."

Uji nilikuwa naujua. Rufaida ameposwa, harusi ni akirudi, na shangazi yake alimpelekea kopo la unga wa mtama apate mwili. Hilo sikuliona baya.

"Nilitia na vile vidonge vya kunenepesha," akasema, amejawa na furaha. "Nikavisaga laini kabisa. Tunaoza mwali, hatuozi ufito."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili asinywe? Wasichana wa siku hizi wanapenda kukonda."

Wallahi nilitaka kumrarua. Rufaida alishanieleza kwamba wao hata dawa ya kikohozi hawanywi mpaka daktari wao aruhusu. Mbio zikiisha, baadhi yao huchaguliwa, na anayechaguliwa hupewa mtu wa kumfuata kila aendako, mpaka msalani, amwangalie akikojoa kwenye chupa. Anayekutwa na kitu hufungiwa miaka, na jina lake limeshachafuka. Siku aliponieleza tulicheka mimi na yeye, nikasema watu hao hawana haya.

Nikaenda jikoni nikapiga simu. Akapokea, upepo unavuma nyuma yake.

"Shikamoo Mama. Karibu wataniita."

"Marahaba. Rufaida, leo umekunywa uji wa shangazi?"

"Asubuhi. Hata waandishi wa habari nimewaambia ndio nguvu yangu."

"Una dawa ndani, mwanangu. Fatu alisaga vidonge akatia. Sema unaumwa, ushuke bila kushindana."

Nikasikia akisogea mbali na wenzake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye tu."

"Mama, miaka yote hii niliyohangaika."

"Najua, mama. Shuka."

"Sikusikii," akasema. "Mtandao mbaya."

Mimi nilikuwa namsikia vizuri, kama yuko chumba cha pili. Simu ikakatika, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nikarudi sebuleni, nikakaa, nikamwomba Mungu ule mlango wa kuanzia mbio ubaki mtupu. Sikuwahi kumwombea mtoto wangu dua ya namna hiyo. Jina lake likatajwa. Kitambo hakuna mtu, moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akatokea.

Alishuka vizuri. Hakuwa wa mbele, lakini hakuanguka, na Wazungu wale walisimama wakampigia makofi kama kwamba ni mtoto wao. Sebule ililipuka kwa vigelegele. Fatu alilia. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi.

Kamera haikumwacha. Wenzake walimkumbatia mmoja mmoja, na nyuma yao akasimama mwanamke mmoja amevaa kizibao cha manjano, kadi inaning'inia shingoni. Hakupiga makofi. Akamwambia Rufaida neno, Rufaida akaitikia kwa kichwa. Alipotembea, mwanamke akatembea. Aliposimama kunywa maji, naye akasimama. Mwanangu aliitazama kamera mara moja, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Na huyu bibi ni nani?" Fatu akaniuliza, anajifuta machozi kwa leso yake. "Mbona habanduki kwa mtoto?"

"Anampeleka chooni," nikamwambia.