Siga ya Baba Justine

Nitasema, na anayetaka akamfikishie Joackim huko kwake Njombe.

Jumamosi ile tulimpokea Justine, kijana aliyekuja kumposa Anneth, binti wa kaka yangu Nahumu. Kaka anakaa Mahongole, lakini shughuli tuliifanyia kwangu Lyamkena, hapa hapa Makambako, kwa sababu sebule yangu ni kubwa na, tuseme ukweli, kwa sababu napenda watu. Na watu walijaa. Wengine walikalia ndoo zilizopinduliwa, wengine walisimama mlangoni mvua ikiwapiga mgongoni na hawaondoki ng'o, maana posa ukisimuliwa kesho yake inakuwa imeshapoa.

Justine amelelewa na baba yake mdogo, ndiye huyo Joackim. Mtu wa parachichi, anawauzia wazungu. Bila neno lake hakuna posa. Akaingia, akasalimia kamwene huku, kamwene kule, tukampa kiti cha mbele. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaletwa. Kaka akaonja mbele ya macho yetu, akampa mgeni, kikombe kikazunguka mpaka kwa wale wa mlangoni. Ndivyo tunavyoishi. Aliyeleta kitu anakionja, watu waone hakina jambo, halafu kinakwenda kwa kila mdomo. Ukionja ukabaki nacho, umewaambia wenzako kwamba si watu.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Ndipo Joackim akatoa kwenye koti kijisanduku cha mbao, utadhani jeneza la panya. Ndani limelala lisigara nene kama kidole gumba cha fundi, limevishwa pete ya karatasi ya dhahabu.

"Hii ni siga," akasema. "Toleo maalumu. Zimetengenezwa chache na hazitatengenezwa tena. Nimeitunza miaka, nikisema siku kijana wangu akiposa ndiyo nitaiwasha. Naomba niionje mbele yenu."

Mbele yetu! Hakuna aliyemlazimisha. Nyumba nzima ikakaa sawa. Hata wifi yangu Hosiana, mama wa kwaya ya Kilutheri ambaye ulanzi wenyewe anaugusa tu kwa mdomo, akajifuta midomo kwa kitenge.

Joackim akakata ncha kwa kimkasi, akawasha taratibu huku akiizungusha, akavuta, akafumba macho.

"Mwanzoni napata harufu ya mbao. Sasa inakuja kakao. Na ngozi."

"Ngozi ya nini?" mtu akauliza mlangoni. "Ng'ombe au mbuzi?"

"Ngozi nzuri tu. Kama kiti cha gari jipya."

"Kumbe mwenzetu analamba viti!"

Tukacheka, na yeye akacheka. Siku ilikuwa bado nzuri. Akatoa simu, akajirekodi. Moshi laini, akasema. Majivu hayadondoki ovyo. Anaipa tisini na mbili kwa mia, kama vile siga imefanya mtihani. Sisi tunasubiri. Kaka Nahumu, aliyekaa upande wake wa kulia, akaweka kikombe chini, akajipangusa viganja, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea.

Joackim akaivuta siga kifuani.

"Hapana, mzee. Hii haizungushwi. Ikilowa mate, ladha inaharibika. Ni ya mtu mmoja."

Mate! Mikono ya kaka yangu bado ilikuwa hewani, mtu mwenye wajukuu, ndani ya nyumba ya dada yake.

"Baba Justine," nikamwambia, "hayo mate uliyoyanywa na ulanzi sasa hivi mbona hayajakuua?"

"Dada, usichanganye mambo. Nimeleta kitu changu bora kuliko vyote kuiheshimu nyumba hii."

"Umeiheshimu, au umeipulizia moshi usoni?"

"Tatizo vitu hivi hamvielewi."

Kaka akasimama, akachukua kofia yake. "Nawashukuru mliokuja," akasema. "Mvua ikikatika, mnaweza kwenda."

Hakupaza sauti, na posa ikawa imevunjika hivyo hivyo. Nyuma ya pazia la chumbani Anneth akaanza kulia, kile kilio cha kujiziba mdomo. Wamependana na Justine tangu sekondari, mtaa mzima unajua.

Macho yote yakamgeukia Justine. Mtoto wa watu alikuwa amelowa jasho kwenye baridi ile. Akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo.

"Baba, siga hii uliitunza kwa ajili ya siku yangu?"

"Siku yako, mwanangu."

"Basi nipe."

Joackim akaiangalia. Hata nusu haijaungua. Akaipapasa ile pete ya dhahabu, na mimi niliyekuwa nimefura kama andazi nikataka kumwonea huruma, nikajikanya. Akampa. Justine akavuta, akakohoa mpaka machozi, akageuka na magoti yake yale yale, akamkabidhi kaka yangu kwa mikono miwili.

"Baba, nimeonja. Haina jambo."

Nahumu akavuta. Tukamkodolea macho.

"Hiyo kakao sijaiona," akasema. "Lakini ni tumbaku nzuri."

Akaketi, na siga ikaondoka. Mmoja akasema gunzi lililoungua, mwingine akasema kiatu cha mwalimu, mwingine akataka kuvuta mara ya pili akapigwa kofi la mkononi. Hosiana akaigusisha mdomoni. "Mungu anisamehe," akasema, "ni tamu." Ilipofika mlangoni ilikuwa imelowa kama dekio.

"Sasa tuzungumze habari za watoto," akasema kaka. Anneth akaitwa, akaulizwa kama wageni hawa anawajua. Akasema anawajua, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Vigelegele nikaanzisha mimi.

Joackim aliposimama kuaga alishika mikono yote isipokuwa wangu. Sasa nasikia anatangaza Njombe nzima kwamba watu wa Makambako tumemtafunia siga yake. Atangaze. Siombi radhi. Harusi ni Agosti, na nimeshamtumia ujumbe: akija na kitu kingine cha mtu mmoja, akakivutie barabarani na malori.