Ubao Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Hillary aliposikia jina la mshindani wa tatu likitajwa, nusura ashuke jukwaani aende zake. Wilkista Nasimiyu, mwalimu mstaafu, kutoka Naitiri. Mama mkwe wake! Muda wote aliokuwa akikariri miji mikuu ya Afrika kule Kitale, hakuna aliyemdokezea kwamba mama wa mkewe Roselyne naye anakariri.

Kwa watu wa kwao Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hukata kona. Lakini ndani ya ukumbi ule wa Bungoma mjini, kona zote zilikuwa na kamera, na pale mbele ya jukwaa palikuwa na zawadi yenyewe: mashine ya kupukuchua mahindi, mpya, bado inanukia rangi. Miaka nenda miaka rudi Hillary alikuwa akiizungusha mashine ya tajiri wake Kemboi boma kwa boma, akila vumbi la magunzi na kufokewa mbele ya wateja. Alitaka mashine yake mwenyewe ili asifokewe tena na mtu, basi. Roselyne, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa ameshaipa jina.

Akaona amwombe mshindani mwenzake Kipkemei, mkulima mnene kutoka kule Kwanza, asimame katikati yake na mama mkwe.

"Kwani unaogopa nini bana?" Kipkemei akauliza.

"Wewe simama tu hapo, nakuomba."

Mchezo ukaanza. Sandra, mtangazaji, alisoma madokezo, na Hillary akawa anabonyeza kengele na kuijibu sakafu. Tatizo lilikuwa ubao wa alama. Fundi gani sijui alikuwa ameutundika upande wa pili, juu kabisa ya kichwa cha Mama Wilkista, hivi kwamba huwezi kuusoma bila kumwona mama uso mzima. Hillary akaamua kuhesabu kwa masikio. Alikwenda vizuri mpaka likaja dokezo la alama kumi: fedha inayotumika Addis Ababa. Mama akajibu, na kabla Sandra hajasema ndiyo wala siyo, akina mama wa Naitiri wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia na sauti ya Sandra ikamezwa. Vigelegele vya nini? Hao wangempigia hata akikohoa! Kwa hiyo Hillary alijua ana alama themanini zake, na mama mkwe ana thelathini au hamsini, Mungu ndiye ajuaye.

Kipkemei naye akakosea mara tatu mfululizo, akashuka chini ya sufuri, na asiye na alama hachezi raundi ya mwisho.

"Mimi nimemaliza," akasema akishuka. "Sasa ni wewe na huyo mama."

Pale katikati pakabaki wazi. Hillary akazidi kuikodolea sakafu.

"Mada ya mwisho ni mito," Sandra akatangaza. "Andikeni kwenye vibao alama mnazoweka. Ukipata, zinaongezwa. Ukikosa, zinaondolewa. Mkitoka sare, zawadi ni yenu nyote wawili. Na kuanzia sasa, hakuna kuongea."

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kama mama ana thelathini, hata akiziweka zote atafika sitini, basi Hillary aandike sufuri na kukunja mikono. Kama ana hamsini, anaweza kufika mia, na hapo Hillary lazima aweke angalau ishirini na moja. Akikosa, anaanguka hadi hamsini na tisa, na mito ya dunia hii ni mingi. Kila kitu kilitegemea namba moja, na namba hiyo ilikaa mahali ambapo macho yake hayaruhusiwi kufika. Aliichukia mila, akawachukia wapiga vigelegele, akamchukia yule fundi wa ubao.

"Si uangalie tu board!" Kipkemei akapaza sauti kutoka kwenye viti. Shangazi zake Roselyne wakanyoosha shingo waone kama atathubutu. Chaki ikaanza kulowa mkononi mwa Hillary.

Ndipo kwenye sakafu akaona kivuli cha mama kikiinua mikono. Mama Wilkista alikuwa amevuta leso yake kutoka mabegani na kujifunika kichwa na uso wote, akawa anaandika kwenye kibao chake gizani humo humo. Hillary akainua macho. Hamsini.

Alishukuru, kisha akakasirika, kwa maana sasa alikuwa amefungwa zaidi. Utamshindaje mama aliyejifunika mbele ya kamera ili wewe uone? Kesho Naitiri nzima ingesema mkwe kapewa macho akayatumia kunyang'anya. Akaandika mbili. Mkono ulienda kuandika moja, ukaandika sufuri. Ishirini: kama wote watapata, watatoka sare, na mzazi hawezi kugombania mashine na mume wa mwanawe, atamwachia tu. Alijiona mjanja kweli.

"Mto huu hupita karibu na Webuye," Sandra akasoma, "ukamwaga maji yake Ziwa Victoria kule Budalang'i."

Hillary akafumba macho. Nzoia! Mto alioogelea akiwa mtoto, mto ambao hata ndama wa Tongaren wanaujua. Angeweka hata themanini zote.

Mama alikuwa ameweka hamsini zake zote. Mia kwa mia. Vigelegele vikapasua ukumbi.

"Sogeeni karibu, mshike mashine yenu tupige picha!" Sandra akasema.

Wakaishika, huyu mbele, yule nyuma, wamepeana migongo. Roselyne akaja mbio kusimama kati yao kubeba maneno.

"Mama anasema hongera."

"Mwambie asante sana."

Akaenda, akarudi, na safari hii hakumtazama mumewe vizuri.

"Anasema ati mashine italala Naitiri. Wewe utaiendesha. Kesho jogoo akiwika uwe umefika, na uje na ovaroli safi, hataki mtu mchafu."

Hillary akafungua mdomo. Kemboi akikufokea unamfokea pia, mnamaliza, mnaendelea na kazi; mama mkwe utamfokeaje? Akatazama upande wa pili wa mashine, akakumbuka, akageuza uso haraka.

"Mwambie nitafika," akasema.