Misaipresi ya Safu ya Nyuma

"Usinishike mkono, Mumbua. Nijibu kwanza."

"Nikujibu nini na umeshanihukumu? Umeingia hapa kwa kelele, hata kuku hujawasalimia!"

"Kuku hawajanidanganya."

Mumbua akauachilia mkono wa mwenzake kama aliyeshika sufuria ya moto. Walikuwa katikati ya kitalu cha kikundi cha akina mama, alichokitunza Mumbua, chini ya soko la Tawa, pale kijito kinapopinda. Miguuni mwao miche ya misaipresi ilikuwa imepangwa ndani ya vifuko vya plastiki, kijani, yenye afya, nadhifu kama watoto wa shule siku ya ukaguzi. Asubuhi hiyohiyo wanawake walikuwa wanakuja kuibeba na kuipanda kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Tangu kiangazi walikuwa wamechimba mashimo na matuta kwa mwethya, ile kazi ya pamoja, kila mtu na jembe lake, ardhi ikiwa ngumu hata jembe linaruka na kukurudia. Miti ikishika, maji yangebaki. Ikifa, mteremko ungeporomoka siku ya mvua kubwa na kuizika chemchemi, na watoto wa Tawa wangerudi kuchota mchangani.

"Nusu ya miche hii ni ile ya kanisani," Nthenya alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mafuta yake."

"Ah! Mafuta! Leo miti inasema, kesho mawe yatakuandikia barua."

Nthenya hakucheka. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mwenye stashahada na watoto wanne, na hakuwa na muda wa kuzunguka mbuyu.

Ua wa zamani wa misaipresi kanisani ulipandwa na wamishonari, nao ulikuwa unakauka mti baada ya mti. Gome linapasuka, utomvu unachuruzika kama machozi, kilele kinageuka kahawia, na kabla hujaita fundi wa mbao mti umekwisha kufa. Lakini msaipresi huo una ndugu yake, ambaye ugonjwa huo haumwangushi kirahisi. Mbegu za huyo ndugu ndizo Nthenya alizoombea kikundi katika kituo cha utafiti wa misitu kule karibu na Nairobi, mahali alipofanyia mazoezi ya kazi akiwa chuoni. Ukubwani unaweza kuwatenganisha ndugu hao kwa umbo na kwa vikoba vya mbegu. Wakiwa miche wamefanana kama pacha, na hata mzee wa misitu huapa kisha akakosea.

Ndiyo maana Nthenya hakuyategemea macho yake. Alichuma majani, akayachemsha kwa mvuke katika maabara ya shule, akaupoza ule mvuke hadi mafuta yakaelea juu ya maji, tone kwa tone. Mafuta hayo akayapeleka kituoni katika vichupa. Kule kuna mtambo unaoyageuza kuwa hewa na kuyapitisha kwenye mrija mwembamba uliojiviringa, na kila kilichomo ndani ya mafuta hutoka kwa wakati wake, huku kalamu ikichora vilima kwenye karatasi. Mti wa kanisani huchora kilima kirefu karibu na mwisho. Ndugu yake, pale pale, huchora kichuguu tu.

Mwezi wa tatu karatasi zote zilikuwa na vichuguu. Nthenya akasimama kanisani mbele ya akina mama, akasema, "Pandeni bila wasiwasi. Hii naidhamini mimi." Nao wakachukua majembe.

Wiki hii alirudia kupima, kwa kuwa ni mtu wa kurudia. Vilima virefu vikasimama kwenye karatasi kama milima ya Mbooni na Kilungu. Akadhani vichupa vilikuwa vichafu. Akaviosha, akachuma tena, akachemsha tena. Vilima vilevile.

"Sasa nisikilize," Nthenya alisema. "Mwezi wa tatu nilichuma wapi?"

"Nitakumbuka majani yako?"

"Safu ya mbele, hapa njiani. Wewe ndiye uliyeniambia, 'Chuma hapa mwalimu, usichafue viatu.' Halafu mwezi wa nane ukaenda Kabati kwenye matanga. Ulipokuwa huko, akina mama walikuja kufanya nini hapa?"

Mumbua alijua. Mche wa kwenye kifuko hutoboa chini na kuzamisha mizizi ardhini, kwa hiyo lazima uinuliwe, mizizi iliyotokeza ikatwe, ndipo urudishwe. Wanawake walikuwa wameinua vifuko vyote na kuvirudisha kadiri mkono ulivyoangukia, wakiimba na kupiga soga. Wa mbele ukaenda nyuma, wa nyuma ukaja mbele.

"Wamechanganya miche yako," Nthenya alisema. "Wenyewe hawajui. Jana nilimuuliza Mama Nzioka kama kuna aliyehamisha miche, akanieleza huku anacheka."

Mumbua akapindua ndoo, akaikalia.

"Mbegu zako nyingi zilioza," alisema mwishowe. "Mtoto alikuwa hospitali, nikasahau kitalu kwenye mvua, ikaota michache. Na wewe ulikuwa umesimama mbele ya wazee ukasema mbegu hizi haziwezi kuharibika ila kwa mikono ya mpumbavu. Ungetaka nije niseme, 'Mpumbavu ni mimi'?"

"Ndiyo. Ningekutukana siku moja, kesho yake tungepanda nyingine."

"Wewe ungenitukana mwaka mzima."

Hilo lilimchoma Nthenya, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Lakini hakulipatia nafasi.

"Kwa hiyo ukaokota za kanisani ukajazia. Ile michache mizuri je? Yote ilikaa safu ya mbele?"

"Mingine mume wangu alitaka ya shamba letu."

"Musembi alitaka. Na yangu?"

Mumbua akainua uso.

"Ile uliyoniletea mwezi wa nne, ya ua wangu," Nthenya alisema. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, na ikishuka watu waliomjua walitafuta mlango. "Ulikuja nayo kwa mkokoteni unaimba. 'Zawadi ya boma jipya, Mama Kiilu, nimekuoteshea mwenyewe.' Nilipoona vilima, nikachuma pia kwangu ili nilinganishe. Safi yote. Hakuna hata mche mmoja wa kanisani. Ulinipa mali ya kikundi, Mumbua. Ulinifanya mwizi, na hukunipa hata nafasi ya kukataa."

"Nilikupa kwa sababu nakupenda!"

"Ulinipa ili siku nikijua nisiweze kufungua mdomo."

Walikuwa wamelala kitanda kimoja bwenini. Mumbua ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua Kiilu. Ndiye pekee aliyejua kwamba mwalimu mkali wa sayansi huogopa radi. Nthenya aliyafikiria hayo yote, akahisi kama mtu aliyefungua ghala lake mwenyewe akakuta fukusi wamebakiza maganda.

"Nyamaza tu, mwenzangu," Mumbua alisema taratibu. "Mti hauanguki leo. Huchukua miaka. Ikianza kukauka tutasema ni jua, nani atabisha? Hivyo vilima unavisoma wewe peke yako hapa Tawa."

Sauti za wanawake zilianza kusikika juu ya barabara. Mmoja alianzisha wimbo wa mwethya, wengine wakaupokea. Nthenya alilitazama jembe lililoegemezwa kwenye nguzo ya kibanda.

"Ndiyo maana siwezi kunyamaza," alisema, akalichukua.

"Unakwenda wapi na jembe langu?"

"Kwangu. Nikianzia kwa Musembi watasema nina wivu."

Alipanda njia kwa hatua ndefu. Mumbua alimfuata hadi kwenye lango la kitalu, akaishia hapo. Katikati ya mlima Nthenya alikutana na kundi, Mama Nzioka mbele akiwa na kiondo mgongoni.

"Mwalimu, mbona unapanda sisi tunashuka?"

"Msibebe miche ya kitalu, mwaitu. Nusu yake ni ya kanisani, itakufa. Niliwadhaminia kwa neno lisilo la kweli. Mengine Mumbua atawaambia kwa mdomo wake, yuko pale. Mizuri iliyobaki nje ya kitalu iko kwake na kwangu. Nifuateni tuanze kwangu."

Wimbo ukakatika. Mama Nzioka akamtazama, akatazama kitalu kule chini, kisha akageuka kumfuata, na wengine nyuma yake.

Nyumbani, Mutunga mumewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amemwagilia ua ule mwenyewe kila jioni, na sasa ulikuwa umemfika kiunoni.

"Mama Kiilu, unafanya nini na ua wangu?"

"Si wako. Wala si wangu."

Akapiga jembe mbali na shina ili asiikate mizizi, akazunguka, akautikisa mche, akauinua na donge lake la udongo. Akauzungushia gunia bichi, akampa Mama Nzioka.

"Mteremkoni, shimo la kwanza," alisema, akahamia wa pili.