Mkono wa Kulia wa Kombo

1.

TANGAZO
CHUMBA CHA MAZOEZI YA VIUNGO

Mgonjwa wa kiharusi avalishwe glavu nene kwenye mkono mzima, ili mkono uliopooza ulazimike kufanya kazi. Glavu isivuliwe kwa kumwonea huruma. Msaidizi awe mke, mume au ndugu wa karibu.

2.

Mimi ndiye mke. Naitwa Siwema. Kila asubuhi namvalisha Kombo glavu mkono wa kushoto. Kisha nauchukua wa kulia, nausugua mafuta ya nazi, nanyoosha kidole kimoja kimoja.

Naujua mkono huu kuliko daktari anavyoujua.

3.

(Barazani, dada zake Kombo.)

"Wifi ana moyo, jamani. Mwingine angeshakwenda kwao."

"Na lile kovu lake wifi, la juu ya jicho?"

"Si alianguka bafuni."

"Tena?"

4.

Nakwambia wewe unayesoma, maana humu ndani sina wa kumwambia. Siku kiharusi kilipompiga, mkono ulikuwa umeshainuka. Chumvi ilizidi mchuzini. Nikafumba macho, nikangoja.

Nikangoja.

Nilipofumbua, Kombo yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande. Nikapiga kelele watu waje. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, nili...

5.

MAENDELEO YA MGONJWA
Bega: linainuka.
Kiwiko: kinanyooka.
Vidole: vinakunja ngumi. Kukunjua bado.
Maoni: Mke anajituma mno. Hongera.

6.

Ngumi.

7.

Nikiacha mazoezi, mkono utakakamaa. Nikiendelea, utarudi. Naogopa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

8.

Mimi Kombo. Ulimi mzito, masikio mazima. Kidole kikicheza, namsikia mke wangu anavyobana pumzi. Siku hizi chakula hakina chumvi hata chembe. Jana nilimwambia, "Ta... tapona, Siwema."

Chupa ya mafuta ikamponyoka.

9.

Tumsifu, mtaalamu wa mazoezi, ana furaha leo. Amewaita hata mawifi waje washuhudie.

"Baba Hadija, inua mkono umguse mama shavuni. Taratibu. Mama Hadija, sogea basi! Mbona mbali hivyo?"

"Anaona haya huyo," anasema wifi, na wote wanacheka.

Kombo hacheki.

10.

Nimesogea.

Bega linainuka.

Kiwiko kinanyooka.

Vidole, nilivyovinyoosha mwenyewe kimoja kimoja, vinajikunja.

"Mama Hadija," anasema Tumsifu, "mbona umefumba macho?"