Emilia Hakuonja

Emilia alikuwa anamenya karanga kwenye ungo, amekaa mlangoni kwa wifi yake Margaret huko Lobule, wakati jiko lake la Arua lilipotokea kwenye televisheni. Alilijua kwa ufa wa ukutani na kwa sufuria yenye sikio moja. Akaendelea kumenya.

Hapo mwanzo kipindi chenyewe kilikuwa cha Wazungu. Kilikuwa cha majirani wa mtaa wenye nyasi zilizofyekwa vizuri, wanaochunguliana nyuma ya mapazia wakitafuta nani kamuua bwana wa nyumba ya kona. Kila mmoja anamshuku mwenzake, na kila mtu akidanganya, watu wasioonekana wanacheka. Lobule walikipenda. Hata wao wana majirani. Kiangazi kilipoanza, nyasi za mtaa ule zikakauka. Halafu uzio mweupe ukawa ua wa matete, mbuzi wakaanza kupita, na mzee mmoja aliyezoea kuchungulia wenzake kwa darubini akavaa kanzu na kuongea Kiswahili cha Arua. Margaret alisogeza waya wa sola ili picha itulie.

"Wifi, huyu si mwenyekiti wenu wa mtaa, Siraji?"

"Ni yeye."

"Amenenepa."

"Kala kiwanja changu," Emilia akasema.

Kiwanja hicho kilikuwa Arua, njia ya Onduparaka, kati ya nyumba ya Siraji na nyumba ya mdogo wake, Nasuru. Emilia alikaa pale miaka mingi, Mkristo peke yake katikati ya Wanubi Waislamu, na hakuna aliyelalamika. Kule, anayempelekea jirani chakula anaonja kwanza mbele ya macho yake, ndipo jirani anapokea. Si matusi, ni kama kupiga hodi. Watu wa nyumba moja tu ndio hawafanyiani hivyo. Basi Ramadhani moja Emilia alipika uji wa mtama wenye ukwaju, akaupeleka kwa Nasuru na mkewe Rabia, jua bado halijazama. Hakuonja. Angewezaje kunywa uji mbele ya watu waliofunga tangu alfajiri? Aliweka sufuria chini, akasema, "Mfuturu salama," akarudi kwake. Kesho yake asubuhi Nasuru alikuwa amekufa.

"Hakuonja," Siraji alisema pale msibani. Neno lile lilienea mtaa mzima kabla maiti haijaoshwa. Mchana wakaja na mawe. Emilia alifika Lobule kwa kaka yake, mume wa Margaret, akiwa na kiatu kimoja, na tangu hapo anamenya karanga za watu wengine.

Sasa televisheni ilikuwa inayaonyesha yote, kidogo kidogo, kila jioni baada ya habari. Emilia alimwona Emilia akikoroga uji. Hakuna mtu aliyewahi kumfuata na kamera, lakini picha ilikuwa safi, hata moshi ulionekana. Majirani wa Lobule walijaa nyumbani kwa Margaret na kubishana nani muuaji. Wengine walimtaja Rabia, wengine fundi baiskeli wa pale kona.

"Mimi nasema ni Emilia," alisema mzee Saturnino, jirani wa Margaret, huku mkono wake uko kwenye ungo wa Emilia akila karanga.

"Mzee, mimi si niko hapa?"

"Najua uko hapa. Nasema yule wa kule."

Halafu ikaja jioni ya kufumbua fumbo. Umeme ulikuwa umekatika Arua, kama kawaida. Nasuru aliamka kula daku, akapapasa mezani gizani, akashika chupa ya soda. Ndani yake ilikuwa dawa ya kuua magugu. Siraji ndiye aliyeimimina humo na kumwomba mdogo wake amwekee. Nasuru akanywa. Kulipokucha, Siraji aliingia wa kwanza, akamwona mdogo wake sakafuni, akaiokota chupa, akainusa. Aliificha ndani ya kanzu, akaenda nayo chooni, akaitumbukiza. Alipotoka alisimama, akakitazama kiwanja cha Emilia kutoka pembe hadi pembe, kama fundi anayepima. Wale wasioonekana walicheka mpaka spika ya televisheni ikakwaruza.

"Kumbe mwenyekiti!" Saturnino akajipiga pajani. "Mimi nilijua."

"Si ulisema ni mimi?"

"Nilisema yule wa kule."

Emilia alisimama, maganda yakamwagika. "Kesho naenda Arua. Watu wote wameona. Nitarudishiwa kiwanja changu na jina langu."

"Hata Siraji ameona," Margaret alisema. "Ana televisheni kubwa kuliko hii."

Ilikuwa Ramadhani tena. Huko Arua kicheko kilikuwa hakikai tena ndani ya televisheni. Kilikuwa kimehamia juu ya mabati, na kililipuka kila mtu aliposema uongo. Watu walishazoea. Sokoni wauzaji walitaja bei, wakangoja kicheko kipite, ndipo wakaendelea kupatana na wateja.

Mwanamke wa kwanza kumwona Emilia alikuwa Sumayah, anayeuza nyanya pale mwanzo wa mtaa.

"Eh, Emilia! Mama, ulicheza vizuri! Pale ulikimbia na kiatu moja, mimi nililia."

"Sikucheza, Sumayah. Wewe ulinitupia jiwe."

"Niliona! Mkono yangu ilitoka vizuri, eh?"

Alimpa nyanya mbili za bure. Wengine walitoka majumbani kumsalimia, wakamshika mkono, wakampiga picha na simu. Siraji alikuwa ameketi mbele ya vyumba vinne vya kupangisha, vilivyosimama pale jiko lilipokuwa.

"Karibu, Emilia! Wewe nakuja siku njema."

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimekuja kwa ajili ya kiwanja changu."

"Kiwanja gani?"

Mabati yakacheka. Siraji alingoja, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo aongee.

"Mimi ile siku nilikuwa na huzuni tu ya ndugu yangu. Kiwanja haikuwa kwa kichwa yangu."

Yakacheka tena. Akangoja tena.

"Umejiona mwenyewe ukitupa ile chupa," Emilia akasema.

"Nilijiona. Pale kanzu ilikuwa chafu kidogo, nilisikia haya."

"Basi toka kwenye kiwanja changu."

Siraji alimtazama kwa upole. "Emilia, dada yangu. Ile iko mambo ya televisheni. Hapa iko mambo ya mtaa. Wapangaji iko ndani. Hakuna mutu hapa atasimama na wewe juu ya hii maneno."

Emilia alisikiliza juu. Mabati yalikuwa kimya. Mwenyekiti alikuwa amesema kweli.

Alikwenda kwa Rabia. Mjane yule alimkumbatia mlangoni, akalia begani mwake, kisha akaingia ndani na kutoka na sufuria yenye sikio moja. Alikuwa ameitunza, hata masizi aliyasugua.

"Najua hukuua bwana yangu," Rabia alisema. "Mtaa yote najua." Juu kukawa kimya.

"Kama mnajua, nirudishieni jina langu. Kiwanja tutaongea baadaye."

Rabia alifikiri. "Pika uji. Ile ile. Watu iko nakuja kufuturu kwangu leo. Jua ikishazama, unaonja mbele yao, wanakunywa, maneno imekwisha."

Emilia alipika. Alichagua ukwaju mwenyewe, akakoroga mpaka mkono ukauma, wala hakuonja hata alipopima uchachu, kwa sababu bado jua lilikuwepo na Rabia amefunga. Adhana ya magharibi ilipolia, majirani walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, Siraji katikati. Emilia alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona. Alijaza kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakipindua waone. Akajaza cha pili, akanywa nacho. Walimtazama kwa makini, kama wanavyotazama kipindi.

"Kaonja," mtu mmoja akasema.

"Kaonja kweli," mwingine akaitikia.

Rabia akagawa vikombe. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akakiweka chini mbele ya miguu yake. Wakala tende. Wakanywa maji. Wakaongea mambo ya timu ya Onduparaka, kwamba kipa ameuzwa. Uji ukaanza kufanya utando.

"Hamnywi?" Emilia aliuliza.

Wakamgeukia Rabia. Rabia aliinua kikombe chake, akakigusa kwa midomo iliyofungwa, akakirudisha.

"Tamu sana," akasema.

Kicheko kikalipuka juu ya mabati ya nyumba ile, kikaenda kwenye nyumba ya jirani, kikarudi. Kilikaa muda mrefu. Watu walingoja kiishe, wengine wakitazama vidole vyao. Kilipoisha, Siraji akapitisha tena tende.

Emilia aliketi chini. Alimwaga vikombe vyote ndani ya sufuria, kimoja kimoja, akauvuta karibu ule uji na kuunywa wote. Hakuna aliyemzuia. Asubuhi alichukua sufuria yake, akarudi Lobule.

"Juzi mlionekana," Margaret alimwambia siku iliyofuata. "Ule uji ulionekana mzuri."

"Ulikuwa mzuri."

Emilia alitwanga karanga, akaunga mboga ya kunde, akasonga ugali wa muhogo na mtama. Saturnino alisikia harufu, akaja kuzungumza. Emilia alitandika mkeka, akaweka chakula katikati. Margaret alinawa mikono, halafu akaiweka mapajani, akatazama televisheni iliyokuwa imezimwa. Saturnino naye akatazama huko huko.

Mboga ilikuwa inapoa.

Emilia alimega, akachovya, akatafuna, akameza, akafungua mdomo kidogo ili waone. Ndipo Margaret akanyoosha mkono.

"Usifikiri tunakushuku, wifi," alisema.

Juu, kwenye nyasi za paa, kukachekwa. Wakangoja kiishe, wakala.